Wati Saba

Jumamosi, saa mbili asubuhi, soko la vitu vikuukuu, Kaunas.
Theluji imekandwa na viatu hadi imekuwa sabuni.
Nimetoka zamu ya usiku, unga bado umo kwenye nyusi,
mfukoni yuro hamsini na ruhusa ya Rasa,
ruhusa yenye masharti:
isipige kelele, isile umeme, isikae sebuleni.
Utadhani naenda kuleta mkwe.

Nataka seva ya nyumbani. Basi.
Mashine isiyozimwa, isiyodai kutazamwa,
ibebe picha ambazo simu yangu imechoka kuzibeba,
ibebe sauti ya Gintarė wa miaka minne
akihesabu hadi kumi, na kila mara akiruka saba.

Muuzaji anaitwa Ugnė. Glavu zake amezikata vidole.
Mashine kazipanga mezani kama mikate ya jana:
bado zinafaa, ila hakuna anayeuliza.
Waya wake wa umeme umetoka kwenye kibanda cha fundi viatu,
na mimi nimekuja na kipima umeme changu, nimekiazima kazini.
"Pima," akasema. "Wengine hupima kwa macho."

Mnara mkubwa, yuro ishirini na tano!
Nafasi za diski nne, kumbukumbu tele.
Niliupenda kabla haujawaka.
Ulipowaka, feni ikaunguruma hadi fundi viatu akageuka,
na kipimo kikasoma sitini na nane.
Nikapiga hesabu kwenye kiganja: mchana na usiku, mwaka mzima,
yuro mia na thelathini, nikimlipa asiyeniuzia kitu.
Rahisi ghali, walionena walishaiona bili.

Kompyuta ya mapajani, kioo kimepasuka.
Kioo cha nini? Niliitaka kwa betri yake,
umeme ukikatika, ikeshe peke yake.
Nikaigeuza. Tumbo limevimba
kama donge lililosahaulika kando ya tanuri.
Nikairudisha mezani polepole, kwa mikono miwili.

Kulikuwa na kibao cha saketi, kitupu, bei ya viatu vya mtoto.
Lakini kibao hicho kinataka adapta yake, kadi yake, nyumba yake,
na kadi hufa bila kuaga. Nimeshazika mbili.

Kisha, chini ya meza, ndani ya boksi la ndizi,
kijisanduku cheusi, unene wa kitabu cha sala.
Kimetoka kwenye tawi la benki lililofungwa;
kibandiko bado kipo: DIRISHA LA NNE.
Hakina feni. Kumbukumbu gigabaiti nne, na tundu la kuongeza.
Tulikiwasha, tukasubiri namba itulie.
Saba.

"Thelathini na tano."
"Thelathini."
Akapuliza vidole. "Thelathini na mbili, na adapta yake."

Nyumbani kilikataa. Kilitaka nywila ya benki,
nywila ya mtu aliyekwishapewa barua na kiinua mgongo.
Nikakifungua, nikang'oa kibetri cha duara,
nikakaanga mayai, nikala, nikaosha sufuria.
Nilipokirudisha, kimesahau benki yote.
Linux ikaingia kutoka kwenye flashi,
mistari myeupe ikapanda gizani,
nami nikaisoma kama mtu anayeijua, nikiijua nusu.

Sasa kinakaa juu ya kabati la viatu.
Rasa hupita, hukigusa kwa mgongo wa mkono,
vile tulivyokuwa tukimgusa mtoto mwenye homa.
"Vuguvugu," husema, na kwenda zake.

Gintarė ana miaka kumi na tisa, anaishi Klaipėda,
hapokei simu kabla ya saa sita mchana.
Usiku wa kwanza kabla ya zamu nilikaa kwenye korido,
kofia kichwani, viatu mguuni,
nikafungua faili kutoka kabatini hadi kwenye simu.
Nne, akasema. Tano. Sita.
Nane.
Kwenye soketi, kipimo cha watu, nisichokirudisha bado,
kilikuwa kinaonyesha ile aliyoiacha.